Daraja Hufia Miguuni

Wale wa siku zote mnanijua: kijana wa Lodwar, nilisomea uhandisi wa ujenzi miaka miwili, karo ikakataa, nikarudi nyumbani na simu moja na daftari tatu za hesabu. Daftari bado ninazo. Leo zimetoka kwa sanduku kwa sababu wiki iliyopita msee mmoja aliandika chini ya video yangu ati madaraja ya huku huanguka "kwa sababu mvua ya Turkana ni kali". Nikacheka kwanza. Halafu nikakumbuka usiku mmoja kwa laga, nikaacha kucheka.

Nilikuwa natoka Kakuma kurudi Lodwar, kilomita kama 120 hivi, ndani ya Probox iliyobeba watu tisa na mbuzi mmoja. Wakati huo barabara mpya ilikuwa bado inajengwa, kwa hiyo mahali pengi unashuka kando ya lami, unapita mchangani, unapanda tena. Tulifika laga moja saa kumi na moja jioni. Juu yetu hakuna wingu hata moja. Na laga imejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, yanapita na miti mizima. Upande wa pili malori ya chakula cha wakimbizi yamepanga foleni. Ndani ya gari letu kulikuwa na mama aliyekuwa anapeleka mtoto mgonjwa hospitali ya Lodwar. Dereva akawasha injini mara mbili, akasema tujaribu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa na kigoda chake pale kando hakupiga kelele. Aliinuka tu, akachomeka fimbo mchangani pale maji yalipoishia, akarudi kukaa. "Kijana, hiyo fimbo ikikauka mpaka chini, pita. Kabla ya hapo, mimi sitakuja kwa matanga yako."

Tulipita saa tisa usiku. Mtoto alifika akiwa hai, asanteni wote mtakaouliza.

Sasa, huyo mzee hakuwa na daftari, lakini alikuwa anafanya kitu ambacho mainjinia wa dunia walichukua muda mrefu sana kukubali kufanya: kupima kwanza. Historia ya madaraja ni historia ya watu waliobobea, wenye vyeo, waliojua hesabu ya uzito kuliko sisi wote, halafu wakasahau kupima upepo na maji.

Anza na Scotland. Daraja la reli la Tay lilifunguliwa mwaka 1878. Aliyelichora, Thomas Bouch, akapewa cheo na Malkia wa Uingereza kwa kazi hiyo. Usiku wa tarehe 28 Desemba 1879 dhoruba ikaja, treni ikiwa juu, sehemu ya katikati ikaenda mtoni na treni yake. Hakuna abiria aliyepona. Kwenye uchunguzi Bouch aliulizwa aliweka hesabu gani ya upepo. Jibu lake ni kwamba hakuweka hesabu maalum. Hebu soma hiyo tena. Daraja refu kuliko yote duniani wakati ule, katika mdomo wa mto unaopigwa na upepo wa bahari, na upepo haukuwa kwa hesabu. Mwaka uliofuata yeye mwenyewe akafa.

Ninachopenda ni kilichofuata. Pale karibu, kwenye maji ya Forth, Benjamin Baker alikuwa anapanga daraja lingine, na hakutaka kubahatisha. Akaweka mbao za kupimia upepo kwenye kisiwa kidogo kinachoitwa Inchgarvie: moja kubwa ya karibu mita za mraba 28, nyingine ndogo ndogo. Akagundua kwamba vibao vidogo vilisoma msukumo mkubwa zaidi kwa kila mita ya mraba kuliko ule ubao mkubwa. Kumbe upepo hauji kama ukuta. Unakuja kwa ngumi ngumi, na ngumi moja haipigi mahali pote kwa wakati mmoja. Yeyote aliyewahi kufunga turubai ya duka Lodwar mwezi wa tatu anajua hiyo bila kufundishwa: pembe moja inang'oka, nyingine imetulia. Daraja la Forth lilifunguliwa mwaka 1890 na treni bado zinapita juu yake.

Ungedhani somo limeingia. Mwaka 1940 kule Tacoma, Marekani, walifungua daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 853 kati ya minara yake miwili, na upana wa sakafu usiofika hata mita 12. Jembamba, zuri, bei nafuu. Pembeni mwa sakafu waliweka kuta za chuma zilizozibwa, za mita 2.4. Aliyelichora, Leon Moisseiff, alikuwa kati ya wakubwa wa fani hiyo. Na uzito wa upepo safari hii ulikuwa kwenye hesabu! Shida ni kwamba waliuhesabu kama mzigo unaosukuma tu, kama mtu anayeegemea ukuta. Hawakuhesabu kwamba upepo ukigonga ukuta uliozibwa unajikunja juu na chini, unavuta sakafu, sakafu ikijipinda upepo unapata pa kushika zaidi, unaipinda tena, na kila mzunguko unaongeza nguvu kwa ule uliotangulia. Tarehe 7 Novemba 1940, upepo wa kama kilomita 64 kwa saa, ambao huku kwetu mtu ataendelea kunywa chai, ulilisokota daraja kama kitambaa mpaka likakatika.

Hakuna mtu aliyekufa. Alikufa mbwa aliyeachwa ndani ya gari. Na hapa ndipo moyo wangu unauma kidogo: Profesa Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington alikuwa ameshatengeneza mfano mdogo wa daraja hilo, akaupuliza ndani ya chumba cha upepo, na alikuwa amependekeza dawa yake: toboa hizo kuta za pembeni, au zifunike zipate umbo linaloteleza. Siku chache tu baadaye daraja likaanguka, yeye akiwa palepale, na alipojaribu kumtoa yule mbwa, akang'atwa. Jibu lilikuwa tayari, kazi ndiyo ilikuwa haijaanza. Tangu hapo, daraja kubwa la aina hiyo halijengwi kabla mfano wake haujapulizwa. Daraja la Severn la Uingereza, la mwaka 1966, lilipewa sakafu yenye umbo kama bawa la ndege.

Mtaniuliza, upepo unatuhusu nini sisi wa laga? Unatuhusu sana. Tunaishi kwenye mdomo wa filimbi. Milima ya Ethiopia iko upande mmoja, nyanda za juu za Kenya upande mwingine, na upepo kutoka Bahari ya Hindi unabanwa katikati. Mwaka 1982, Kinuthia na Asnani walichapisha utafiti uliouonyesha ulimwengu mkondo huo wa upepo wa Turkana. 1982! Babu zetu wa ziwani walikuwa wanauogopa miaka yote hiyo. Mwaka 1934 msafara wa Vivian Fuchs ulileta wanasayansi kwenye ziwa, na wawili kati yao walivuka kwa mashua kwenda Kisiwa cha Kusini. Moto wao ulionekana kule kisiwani. Hawakurudi kamwe. Upepo huohuo leo unazungusha mitambo 365 kule upande wa Loiyangalani, megawati 310, na umeme unasafiri mbali kwenda gridi ya taifa. Ukienda Kalokol muulize mvuvi yeyote kwa nini anarudi nchi kavu kabla hali haijachafuka, atakueleza hesabu ya nguvu bora kuliko mwalimu wangu wa mwaka wa kwanza.

Lakini tusidanganyane, madaraja yetu ni mafupi na mazito. Muuaji wetu ni maji. Na hapa wengi mnakosea, mkidhani maji yanalisukuma daraja mpaka lianguke kifudifudi. Yanasukuma, ndiyo. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, na mwendo ukiongezeka mara mbili msukumo unaongezeka mara nne. Ndiyo maana yule dereva wetu angetuua: maji yaliyofika gotini si kitu yakitulia, yakikimbia ni kitu kingine kabisa.

Ila zege ni zito, linaweza kuvumilia msukumo. Lisiloweza kuvumilia ni kuchimbwa. Maji yakigonga nguzo, yale ya mbele hayana pa kwenda, yanazama chini, yanajiviringa kwenye mguu wa nguzo na kutoa mchanga. Simama kwenye maji ya Turkwel dakika tano, usisogee, halafu angalia kisigino chako kimezama kiasi gani. Ndivyo hivyo. Shimo linakua wakati mafuriko yako juu, pale ambapo hakuna mtu anaweza kuona. Halafu, na hii ndiyo sehemu ya kishetani, mafuriko yakipungua mchanga unarudi na kulijaza shimo. Asubuhi injinia anakuja na kofia yake, anaona mchanga umelala vizuri kama zulia, anaandika "salama". Chini ya zulia ni uji.

Marekani walilipa bei ya hiyo mwaka 1987. Tarehe 5 Aprili daraja la Schoharie Creek, jimbo la New York, kwenye barabara kuu kabisa, lilianguka wakati wa mafuriko na watu 10 wakafa. Nguzo hazikuvunjwa, zilichimbwa. Baada ya hapo ndipo ukaguzi wa chini ya maji ukawa jambo la lazima na la mara kwa mara. Nchi iliyokuwa imeshapeleka watu mwezini miaka 18 kabla!

Kuna kifo kingine cha tatu ambacho sikukijua mpaka nilipoacha chuo na kuanza kusoma mwenyewe usiku. Sakafu ya daraja inaweza kuelea. Si utani. Zege linabeba kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Likizama kabisa, maji yanalipunguzia kilo 1,000. Sasa ongeza hewa iliyonaswa chini ya sakafu, kati ya mihimili, ambayo haina pa kutokea. Daraja linageuka kuwa mashua iliyopinduliwa. Mwaka 2005, kimbunga Katrina kilipopiga ghuba ya Marekani, mawimbi yaliinua vipande vya sakafu kule Biloxi na Ziwa Pontchartrain na kuvitupa kando, nguzo nyingi zikabaki zimesimama peke yake kama meno. Baadaye watafiti wakajenga mifano ndani ya mabwawa ya mawimbi kuona ni wimbi gani linainua kipande gani, na moja ya dawa ni rahisi mpaka inachekesha: acha matundu hewa itoke, na ifunge sakafu kwa nguzo badala ya kutegemea uzito wake.

Watu wa Mombasa wao waliamua daraja lielee tangu mwanzo. Daraja la kale la Nyali, la mwaka 1931, lilikaa juu ya maboya, likipanda na kushuka na bahari mpaka lile la zege lilipofunguliwa mwaka 1980. Na la watembea kwa miguu pale Liwatoni lilirudia wazo hilohilo. Nusu daraja, nusu meli. Nawaonea wivu kwa kitu kimoja tu: bahari yao ina ratiba. Maji kujaa na kupwa yanaandikwa mwaka mzima kabla. Laga haina ratiba.

Na hapo ndipo namrudia yule msee wa "mvua ya Turkana". Lodwar inapata kama milimita 200 za mvua kwa mwaka, bana. Maji yanayotukatia barabara mara nyingi hayakunyesha kwetu. Turkwel inaanzia Mlima Elgon ikiitwa Suam. Novemba 2019 milima ya Pokot Magharibi iliporomoka, zaidi ya watu 40 wakafa, barabara ya Kitale kuja Lodwar ikakatika, na sisi huku chini tukahisi kwa bei ya unga. Kwa hiyo swali la daraja la Lodwar ni mvua ngapi imenyesha kule juu, imeteremka kwa saa ngapi, imefika na kimo gani. Mto mkubwa wenye bwawa unafuatiliwa. Lakini hizi laga ndogo kati ya hapa na Kakuma? Mtu anayezijua kwa kimo na kwa mwaka ni yule mzee wa kigoda, na vitabu vyake viko kichwani. Akizikwa, maktaba imezikwa.

Sipingi barabara mpya. Lami ya Lokichar kwenda mpaka wa Sudan Kusini imetubadilishia maisha, na madaraja yake naona yana nguzo za maana. Ninachotaka ni kitu cha bei ya rangi: kila nguzo ichorwe mistari ya mita, nyeupe na nyekundu, na kila mafuriko yaandikwe tarehe na kimo. Miaka 20 ya mistari hiyo ingempa injinia wetu kitu ambacho Bouch hakuwa nacho na Baker alikitafuta kwa mbao zake.

Nilirudi kwa ile laga mwezi uliopita kumtafuta mzee. Kuna daraja sasa, na yeye bado anakaa palepale, kivulini chini yake. Nikamuuliza anaionaje kazi. Akanionyesha nguzo ya pili kutoka upande wa Kakuma, akapapasa mchanga kwa fimbo. Imezama mpaka karibu nusu, bila kukaza. Akasema mvua ya kwanza ilipita pale. Nimeshapiga picha, nimeweka kalamu nyekundu pale fimbo ilipofika, na mvua za Novemba zikija nitakuwa upande wa Lodwar, mahali pa juu. Mwenye kamba ndefu aniandikie.