Toka Mizani ya Posho hadi Utepe wa Taya

Tangu zamani watu wametaka kujua mtu hula kiasi gani. Jambo hili laonekana jepesi, kumbe lina historia ndefu, na sisi watu wa Lubumbashi tunayo sehemu yetu ndani yake.

Tuanze Italia. Mganga Santorio (1561–1636) alitengeneza kiti kilichotundikwa kwenye mizani. Miaka mingi alijipima mwenyewe, akapima chakula chake, kinywaji chake na vyote vilivyomtoka. Mwaka 1614 alitoa kitabu juu ya hayo. Yeye ndiye aliyepima, na yeye ndiye aliyepimwa.

Huku kwetu mizani ilikuja kwa njia nyingine. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, na mji wetu, ulioitwa Elisabethville hadi mwaka 1966, ulianza mwaka 1910. Kampuni iliwapa wafanyakazi posho: unga wa mahindi, nyama, chumvi na vinginevyo. Kuelekea mwaka 1930, ilipotaka wafanyakazi wakae kambini pamoja na jamaa zao, wake na watoto nao walipewa posho. Lakini mizani ya ghala ilijua tu unga uliotoka mlangoni. Nani alikula, na nani alimwachia mtoto tonge lake, haikujua.

Wataalamu wana njia ya pili, yaani kuuliza: Jana ulikula nini? Njia hii hutumika hata leo. Walakini mtu husahau. Tena mwenye aibu huongeza, na mwingine hupunguza. Na wale wanaokula sahani moja, nani aweza kusema kila mmoja alitwaa matonge mangapi?

Basi ikaja njia ya tatu: kuliuliza taya lenyewe. Mwaka 2005 wataalamu wa Zürich, Uswisi, walionyesha kwamba kipaza sauti kidogo kikitiwa sikioni husikia mtu anapotafuna. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Alabama, Marekani, Edward Sazonov na wenzake walitengeneza chombo cha kuvaa. Utepe mwembamba hubandikwa chini ya sikio. Taya likienda, ngozi hujivuta, utepe hujikunja na kutoa umeme kidogo sana, nao huandikwa katika chombo. Kipimo kingine hutambua mkono unapokwenda kinywani, na kingine huhisi mwendo wa mwili, ili kutembea kusidhaniwe kuwa kula. Mwaka 2014 walitoa habari za watu 12 waliokivaa saa 24 katika maisha yao ya kila siku. Chombo kilitambua kula kwa usahihi wa karibu asilimia 90.

Sasa tufikiri juu ya bukari. Karanga hutafunwa sana. Lakini tonge la bukari lililochovywa katika sombe hutafunwa kidogo tu, kisha humezwa. Mwenye kuhesabu taya peke yake angesema kwamba mla karanga ameshiba kuliko mla bukari! Kwa hiyo hesabu ya taya yaonyesha saa ya kula na muda wake, wala si chakula chenyewe. Ndiyo sababu ya kutumia kamera ndogo ya kuvaliwa pamoja na vipimo hivyo. Mwaka 2020 ulitangazwa mpango wa kujaribu kamera za kuvaliwa katika nyumba za watu wa Ghana na Uganda, hata kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Shabaha ni kujua nani katika nyumba anakosa chakula cha kutosha. Hilo ndilo ambalo mizani ya ghala haikuweza kulisema.

Twaona basi kwamba kila kipimo hujibu swali la yule aliyekishika. Santorio alitaka kuujua mwili wake. Kampuni ilitaka nguvu za kazi. Kamera huona sahani, lakini huona pia umaskini wa nyumba na nyuso za jirani. Siku chombo kama hicho kitakapofika Katuba au Kamalondo, tusikikimbie, kwa maana mtoto mwenye njaa ya siri aweza kuonekana kwacho. Lakini tuulize kwanza: Picha hizi atazitazama nani? Na majibu yakipatikana, mama wa nyumba ataambiwa? Wazee wetu walipokea posho iliyokwisha kupimwa. Swali la namna hiyo hawakuulizwa.