Karani wa Msafara na Daftari Lake

Ukifika Tabora ukauliza habari za historia utaelekezwa Kwihara. Si mbali na mjini. Utaonyeshwa tembe alimokaa Dakta Livingstone mwaka 1872, utapiga picha mlangoni, kisha utarudi kuwahi gari moshi. Sina ugomvi na tembe lile. Lakini juma hili nataka kuzungumzia mtu mwingine aliyepita njia ileile, akaja kufia Urambo, kiasi cha kilomita 90 magharibi ya Tabora. Jina lake ni nadra kulisikia, hata kwenye vijiwe vya kahawa ambako wazee wetu huhesabu nasaba za watu hadi babu wa saba.

Mtu huyo ni Jacob Wainwright. Jina ni la Kizungu, mwenyewe alikuwa Myao. Alichukuliwa utumwani angali mtoto, meli ya Waingereza ikamwokoa baharini, akapelekwa India kwenye shule ya wamisheni karibu na mji wa Nasik. Huko alipata dini, Kiingereza na kalamu. Mwaka 1872 walipoandikishwa watu pale Unguja wa kumfuata Livingstone bara, Jacob alikuwa mmoja wao. Walifika Kwihara mwezi Agosti, na tarehe 25 ya mwezi huohuo msafara ukashika njia ya kusini.

Mwanzoni mwa Mei 1873 Livingstone akafa katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Wapagazi wale wangeweza kumzika palepale, wakagawana vitu na kila mtu akaenda zake. Nani angewauliza? Badala yake, Chuma na Susi wakiwa mbele, walishauriana wakaamua mwili urudishwe kwao. Moyo ukazikwa chini ya mti. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kwa muda wa majuma mawili, ukafungwa ndani ya gome la mti na kitambaa cha tanga. Jacob, kwa kuwa ndiye aliyejua kusoma na kuandika, akasoma sala za maziko na kuandika orodha ya vitu vya marehemu. Kisha akachonga maandishi kwenye ule mti.

Hapa napenda tusimame kidogo, maana jambo hili husimuliwa mara nyingi kama habari ya watumishi watiifu tu. Msafara ule haukuwa wa watu wa dini moja. Jacob alikuwa Mkristo wa shule. Abdullah Susi alikuja kubatizwa mwaka 1886, miaka 13 baada ya siku ile. Wengine walikuwa na mila za kwao. Isitoshe, kubeba maiti katika nchi za watu lilikuwa jambo la hatari, kwani vijiji vingi viliona ni kuleta mkosi. Ninavyoona mimi, waliunganishwa na imani ya namna nyingine, ile ya mtu anayesema: mzigo huu nimeupokea, nitaufikisha.

Mwezi Oktoba wakaingia Kwihara. Walimkuta Luteni Cameron, afisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone na ambaye sasa alikuwa amechelewa. Cameron akawashauri mwili uzikwe palepale Unyanyembe, hasa kwa hofu ya njia iliyokuwa mbele. Wakakataa. Cameron akachukua vyombo vya vipimo vya marehemu, mwili hakuupata.

Walipofika Kasekera, hatari ikawa dhahiri. Ndipo wakafanya jambo ambalo lingestahili kufundishwa katika shule zetu zote. Walikusanya mabua ya mtama wakayafunga mfano wa maiti, wakatuma watu warudi nayo kuelekea Unyanyembe kana kwamba wamekubali kwenda kuzika. Huko porini mabua yakatupwa, na wabebaji wakarejea kwa siri. Mwili wenyewe ulikuwa umefungwa upya ukaonekana kama mtumba wa nguo. Nasema mtumba kwa maana yake ya zamani, yaani mzigo wa mpagazi, si ile tunayoijua sokoni siku hizi. Hivyo maiti iliyokuwa ikisubiriwa London ilipita vijiji vyote hivyo hadi pwani ikiwa robota ambalo hakuna aliyelitazama mara mbili.

Februari 1874 walifika Bagamoyo, baada ya mwendo wa miezi tisa. Walilipwa ujira wao wakatawanyika. Jacob peke yake ndiye aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza, na tarehe 18 Aprili 1874 alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza katika kanisa la Westminster. Baadaye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ilitengeneza medali 60 kwa ajili ya wana msafara, zikiwa na maneno yenye maana ya waaminifu hadi mwisho. Zilipofika Unguja wengi wao walikwisha kutawanyika.

Sasa nije kwenye daftari. Jacob aliandika shajara ya safari ile. Mwaka huohuo wa 1874 tafsiri yake ya Kijerumani ilichapishwa katika jarida la jiografia, lakini kitabu kilichosomwa na ulimwengu kilihaririwa na Horace Waller, aliyetegemea sana masimulizi ya mdomo ya Chuma na Susi. Mswada wa Jacob kwa Kiingereza, wa mkono wake mwenyewe, ukakaa miaka na miaka. Ulihifadhiwa katika makumbusho ya Livingstone huko Blantyre, Scotland, na ni mwaka 2019 tu ulipowekwa kwenye intaneti ili kila mtu ausome. Miaka 145! Kumbe ndio ushahidi pekee ulioandikwa na Mwafrika aliyekuwapo alipokufa Livingstone. Watu waliandika rafu nzima za vitabu juu ya kifo kile, na daftari la karani lilikuwa likingoja.

Nilipokuwa Tabora mwezi uliopita nilifikia kwa shangazi yangu, mtaa wa Chemchem. Chini ya kitanda chake kuna sanduku la bati la marehemu babu. Ndani mna karatasi za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: madeni ya chumvi na nguo, majina ya watoto na siku walizozaliwa, dua, barua mbili kutoka Ujiji. Vijana wa nyumbani hawazisomi, na binamu yangu mmoja alikwisha kuzichukua nusu kuwashia jiko la mkaa. Shangazi akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui zinasema nini, lakini baba alikuwa akizitoa kila Ramadhani, anazifuta vumbi, anazirudisha."

Nilimwomba asimpe mtu hata moja. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inayo hazina ya miswada ya Kiswahili iliyokusanywa tangu miaka ya 1960, mingi kutoka nyumba za watu wa pwani. Nyumba za Tabora na Ujiji, zilizokaliwa na wapagazi, waalimu wa chuo, wafanyabiashara na watumwa walioachwa huru, nazo zina masanduku. Si lazima karatasi ziondoke mikononi mwa wenyewe. Mpigie picha kila ukurasa, mtafute mzee anayesoma herufi zile kabla hajatangulia, andika anachokuambia.

Jacob alirudi Afrika, akatumikia wamisheni hapa na pale, na mwaka 1892 akafia Urambo, kwenye misheni ya London iliyoanzishwa enzi za Mtemi Mirambo. Kipande cha mti alichokichonga kule Chitambo kilikatwa mwishoni mwa karne ile kikapelekwa London. Jina la Livingstone limo, na tarehe 4 Mei 1873. Lakini karani hakuishia hapo. Kwa kisu kilekile alichonga na majina ya wenzake watatu: Yazuza, Mniasere, Uchopere.