Akteri, shefu bandi, na yule dada anayekufa



Kila mtu aliyekomea Butembo ao Beni anajua hesabu ya filimu ya komando: kuko akteri, kuko shefu bandi, na kuko dada mmoja. Akteri hafi. Shefu bandi anakufa mwisho. Dada yeye kazi yake ni kukamatwa, kulia na kungojea. Napenda tuulize hesabu hiyo ilitoka wapi, juu njo ilitulea.

Ni ya zamani. Miaka ya 1950, vijana wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, walitazama filimu za kauboi mpaka wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Namna ya kutembea, ya kuvaa, ya kupigana, yote waliiokota kwenye kitambaa cheupe. Farasi na bunduki ni vya mwanaume.

Kwetu mimi hesabu hiyo niliikuta kwenye chumba cha video: mabenchi ya mbao, grupe inanguruma nje, na wavulana karibu wote. Dada zetu walikuwa nyumbani na kazi za jikoni. Basi hata waliotazama na waliotazamwa waligawanywa mapema.

Tuchukue Rambo ya pili, ya 1985. Co Bao ndiye anamuongoza Rambo msituni. Rambo akikamatwa, Co Bao anajigeuza, anaingia kambini, anamsaidia kutoroka. Anamwambia vilevile anachotaka yeye mwenyewe: kwenda kuishi Marekani kwa amani. Dakika chache baadaye anapigwa risasi. Kifo chake kinakuwa mafuta ya hasira ya akteri. Mwaka uleule, kwenye Commando, Cindy anavunja gari la polisi kwa roketi ili amuokoe Matrix, kisha anaendesha ndege. Lakini vita ya mwisho ikianza, anabaki pembeni. Nasi tukitoka nje, kila mtoto alikuwa Matrix.

Msiniambie basi kwamba watu wa wakati ule hawakuwa na mawazo mengine. Mwaka huohuo wa 1985, Hong Kong ilitoa Yes, Madam, ambamo Michelle Yeoh na Cynthia Rothrock ni polisi wawili wanaobeba filimu nzima.

Na Kongo yetu? Mwaka 2010 Djo Tunda Wa Munga alitoa Viva Riva!, filimu ya wizi wa mafuta ya gari pale Kinshasa. Nora ni mpenzi wa jambazi mkubwa, na Riva anamtaka: mwanamke kama zawadi, tena. Lakini kuko pia Komanda, mwanamke mwanajeshi anayelazimishwa kumtumikia shefu bandi juu dada yake ameshikwa. Huyu ana hofu yake, ana hesabu yake. Kwangu mimi, ndiye mtu wa kweli kuliko wote mule.

Sasa turudi nyumbani. Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018 na ikaisha tarehe 25 Juni 2020, ikiwa imeua watu 2.287. Wakati huo kuko wanawake waliambiwa watoe mwili ili wapate kazi kwenye mapambano hayo. Nani aliongoza uchunguzi? Wanawake wawili: Julienne Lusenge wa Kongo na Aïchatou Mindaoudou wa Niger. Ripoti ya tume yao, Septemba 2021, ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS. Njo ilikuwa filimu ya kusisimua kabisa: siri, mashahidi wenye woga, wakubwa wenye nguvu. Na pale mwanamke hakuwa tu yule aliyeumizwa. Alikuwa yule aliyesema, na yule aliyeuliza maswali.

Nasema haya juu wengi wetu sasa tunaandika filimu fupi na kuzipiga kwa simu. Vita iko karibu, na ni rahisi kumweka mama analia pembeni ya barabara halafu kumpa kaka bunduki. Kabla ya kupiga, tuulize mambo mawili: huyu mwanamke anataka nini yeye mwenyewe? Na hadithi inamuacha akifuate, ao inamuua ili mwanaume akasirike?

Tuambieni: filimu gani ya kwetu imejibu vizuri?