Peugeot 504 na Datsun 240Z: stesheni wagoni na gari la spoti

Peugeot 504 ya stesheni wagoni na Datsun 240Z ni magari mawili ya mwanzoni mwa miaka ya 1970 yaliyojijengea jina Afrika Mashariki kwa njia tofauti. La kwanza, la Ufaransa, liliundwa kubeba watu na mizigo. La pili, la Japani, liliundwa kwa ajili ya mwendo. Yote mawili yana injini mbele na husukumwa na magurudumu ya nyuma. Kinachoyatenga ni kile kilichokusudiwa kukaa nyuma ya dereva.

Asili

Peugeot 504 ilizinduliwa mwaka 1968 ikiwa saluni, bodi yake ikiwa imechorwa kwa ushirikiano na studio ya Pininfarina ya Italia. Ilishinda tuzo ya Gari la Mwaka la Ulaya ya 1969, kisha stesheni wagoni ikafuata. Datsun 240Z ilitoka mwaka 1969, na kwao Japani gari hilo lilijulikana kama Nissan Fairlady Z. Lililenga zaidi soko la Marekani, ambako Yutaka Katayama, kiongozi wa Nissan nchini humo, alilipigania sana.

Bodi na ekseli

Katika stesheni wagoni ya 504, nafasi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 2.90, yaani sentimita 16 zaidi ya saluni. Urefu huo uliwezesha aina ya Familiale kuwa na safu tatu za viti. Saluni nyingi za 504 zilikuwa na magurudumu ya nyuma yanayocheza kila moja kivyake, lakini stesheni wagoni ilipewa ekseli nzima iliyokaa juu ya springi nne za koili. Ekseli ya namna hiyo hustahimili uzito mkubwa bila magurudumu kupinda.

Katika 240Z nafasi hiyo ni takribani mita 2.30 tu. Gari lina viti viwili, boneti ndefu na paa linaloteremka hadi kwenye mlango wa nyuma. Magurudumu yote manne yanacheza kila moja kivyake, hivyo tairi hubaki zimeshika barabara konani.

Injini

Stesheni wagoni ilitumia injini za silinda 4, za petroli au dizeli, zenye nguvu ya kuvuta mzigo polepole kwa safari ndefu. 240Z ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 2,393 na kabureta mbili. Kwa kuwa gari lenyewe lina uzito wa takribani tani moja, liliweza kufikia mwendo wa karibu kilomita 200 kwa saa.

Barabara za Afrika Mashariki

Mashindano ya magari ya Safari yaliipa 240Z heshima kubwa: ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Peugeot 504 nayo ilishinda 1975 na 1978, lakini kwa saluni na kwa gari la milango miwili.

Stesheni wagoni ilipimwa kwa kazi ya kila siku. Nchini Kenya ilikuwa teksi ya abiria wa pamoja kati ya miji, viti vimejaa na keria ya paa imebeba mizigo. Uzalishaji wa saluni na stesheni wagoni nchini Ufaransa ulikoma mwaka 1983, lakini 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya na Nigeria kwa miaka mingi baadaye. Kwa hiyo vipuri na mafundi waliozijua vilipatikana kwa urahisi, ilhali 240Z, ambayo uzalishaji wake uliisha 1973, ilibaki gari la wapenzi wa mbio na wakusanyaji.