Tope la Nakivubo: jinsi maji na mashapo yanavyopimwa ili kulinda Ziwa Victoria

Kila mvua inaponyesha Kampala, maji hushuka kutoka vilimani na kukutana katika mfereji wa Nakivubo. Mfereji huo hupita kando ya soko la Mtakatifu Balikuddembe, maarufu kwa jina la Owino, hukatiza eneo la viwanda, hupokea maji yanayotoka katika mtambo wa majitaka wa Bugolobi, kisha humwaga shehena yake katika ardhioevu ya Nakivubo. Mwisho wa safari ni Ghuba ya Ndani ya Murchison, sehemu ya Ziwa Victoria. Katika ghuba hiyohiyo, huko Ggaba, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka (NWSC) huchota maji yanayosafishwa na kusambazwa jijini.

Kwa hiyo swali la kilichomo ndani ya maji hayo haliwahusu wanasayansi peke yao. Linamhusu mvuvi wa ngege, mkulima wa magimbi kinamasini, na kila mtu anayefungua bomba nyumbani.

Vichafuzi vya aina tatu

Aina ya kwanza ni majitaka na mabaki yanayooza. Bakteria wanapoyaozesha hutumia oksijeni ambayo samaki wangeivuta. Wataalamu hupima kiasi cha oksijeni kinachohitajiwa kwa kazi hiyo. Kanuni za Uganda za mwaka 1999 ziliweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita katika maji yanayotiririshwa kutoka viwandani na mitamboni.

Aina ya pili ni virutubisho, hasa nitrojeni na fosforasi. Hivi hustawisha mwani hadi uso wa maji ukageuka kijani. Baadhi ya viumbe hao, ambao kwa asili yao ni bakteria, huweza kutoa sumu ziitwazo maikrosistini. Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba aina kuu ya sumu hiyo isizidi mikrogramu 1 katika lita ya maji ya kunywa.

Aina ya tatu ni metali nzito, kama vile risasi, zebaki, kadimiamu na kromiamu, ambazo hutoka katika karakana, betri chakavu, rangi na usindikaji wa ngozi. Tofauti na kinyesi, metali haziozi. Zikishaingia ziwani, hubaki.

Kwa nini tope lipimwe

Chupa moja ya maji huonyesha hali ya saa moja tu. Kiwanda kikimwaga uchafu usiku, maji ya asubuhi huenda yasionyeshe kitu. Lakini metali nyingi hung'ang'ania chembe laini za mfinyanzi na mboji, kisha huzama nazo. Tope la chini, yaani mashapo, huwa kama daftari la miaka mingi. Bomba likidungwa ndani yake na kuchomolewa, tabaka za chini huonyesha mambo ya kale na za juu mambo ya karibuni.

Mfano ni petroli yenye risasi. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuiuza kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006. Hata hivyo, risasi iliyotua barabarani na kusombwa na mvua haikutoweka kwa amri hiyo.

Wala tope si kaburi. Oksijeni ikiisha chini ya maji, madini ya chuma yaliyoshika fosforasi huiachilia, nayo hupanda tena kulisha mwani. Upepo, boti au uchimbaji wa mchanga huweza kulitibua tope la ghuba yenye kina kifupi. Ndiyo maana ziwa huweza kuendelea kuugua kwa miaka baada ya bomba la uchafu kuzibwa.

Hatua za upimaji

Kwanza huchaguliwa vituo: juu ya mfereji, ndani ya kinamasi, mdomoni mwa ghuba, na mahali safi pa kulinganishia. Sampuli huchukuliwa kiangazi na masika. Joto, uasidi na oksijeni hupimwa papo hapo. Sampuli nyingine hupelekwa maabara katika sanduku lenye barafu.

Kisha matokeo hulinganishwa na viwango. Kwa risasi iliyomo katika mashapo ya maji baridi, mwongozo unaotumika sana tangu mwaka 2000 husema kwamba chini ya miligramu 35.8 kwa kilo moja ya tope kavu madhara ni nadra, na juu ya miligramu 128 madhara yanatarajiwa. Mwongozo huo ulitokana na takwimu za Amerika Kaskazini. Kwa hiyo hapa kwetu ni dira, si hukumu.

Baadaye huulizwa viumbe wenyewe. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wametumia njia yenye nguzo tatu: kemia ya tope, jaribio la kulea viluwiluwi vya wadudu ndani ya tope hilo maabara, na hesabu ya viumbe wanaoishi humo kiasili. Tope lenye metali nyingi huweza kuwa na viumbe hai ikiwa metali hizo zimefungwa pasipoweza kuwadhuru. Nalo tope lenye namba nzuri likikutwa halina uhai, basi kuna kichafuzi ambacho hakijapimwa.

Mafunjo na mipaka yake

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wachumi walikadiria kwamba kazi ya ardhioevu ya Nakivubo ya kuchuja majitaka ilikuwa na thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 za Marekani kwa mwaka. Lakini mafunjo huchuja pale tu maji yanapotawanyika polepole kati ya mizizi. Mitaro ya mashamba na ujenzi huyapa maji njia ya mkato. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulieleza kwamba kinamasi hicho hakikuwa kikizuia metali nzito ipasavyo.

Serikali imejenga mtambo mpya wa Bugolobi wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku. Hata hivyo, kaya nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba ya majitaka, bali hutumia vyoo vya shimo.

Msikilizaji afanye nini

Maji yenye utando wa kijani yasitumiwe kwa kunywa wala kupikia. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi risasi wala maikrosistini. Oili chafu na betri zisitupwe mtaroni. Samaki wakionekana wakitweta juu ya maji au wakielea wamekufa, taarifa itolewe kwa Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira (NEMA).

Jiji limeshajengewa mtambo mwingine wa maji huko Katosi, wilayani Mukono, mbali na ghuba hii. Binadamu huweza kuhamisha bomba lake. Viumbe wa topeni hawana pa kuhamia, na upimaji utawafaa iwapo matokeo yake yatafuatwa na uamuzi wa kuuzuia uchafu unakoanzia.