Taka za Kielektroniki na Sheria za Kuzirejeleza

Taka za kielektroniki ni vifaa vyovyote vinavyotumia umeme au betri ambavyo mwenyewe ameachana navyo: simu isiyowaka, televisheni ya chogo, friji mbovu, kompyuta, pasi, chaja, nyaya, paneli ya sola iliyochoka. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo. Kwa takwimu za Umoja wa Mataifa, asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi; Afrika haikufika hata asilimia 1. Ikifika 2030, makadirio ni tani milioni 82.

Ugumu wa taka hizi ni kwamba mali na sumu hukaa ndani ya boksi moja. Japani ilipojiandaa kwa Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, wananchi waliombwa kutoa vifaa vyao vibovu. Kati ya 2017 na 2019 zilipatikana simu zaidi ya milioni 6 na maelfu ya tani za vifaa vingine vidogo, na humo zikatoka kilo 32 za dhahabu na kilo 3,500 za fedha, zikatosha kutengeneza medali zote za michezo hiyo. Lakini kioo kizito cha televisheni ya chogo kina madini ya risasi, ambayo huharibu ubongo wa mtoto. Skrini nyingi bapa za mwanzo zina taa zenye zebaki. Friji kuukuu zina gesi zinazotoboa tabaka la ozoni. Waya wenye ganda la plastiki ukichomwa ili shaba ibaki, moshi wake hubeba dioksini, sumu isiyoisha haraka katika udongo wala katika mwili wa binadamu.

Katika soko la skrepa la Agbogbloshie, kando ya Mto Odaw jijini Accra, ndipo dunia ilipojifunza madhara hayo kwa undani. Kwa miaka mingi vijana, wengi wao wakiwa wametoka kaskazini mwa Ghana kutafuta riziki, walivunja vifaa kwa nyundo na mawe na kuchoma nyaya kwa kuwashia sponji za friji na matairi. Mwaka 2019 ilitoka ripoti ya watafiti waliopima mayai ya kuku waliokuwa wakijitafutia chakula eneo hilo. Walikuta kwamba mtu mzima akila yai moja tu anapata dioksini mara 220 ya kiwango cha siku kinachovumilika kwa vipimo vya Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya. Watu waliofanya kazi hiyo hawakuwa wahalifu. Walikuwa wanauza shaba kwa bei ya siku hiyo, na mlipaji wa kweli wa bei ile alikuwa mapafu yao.

Sheria za kimataifa zilianza na aibu ya aina nyingine. Mwaka 1988, katika mji wa bandari wa Koko nchini Nigeria, yaligunduliwa maelfu ya mapipa ya taka za sumu kutoka Italia, yamerundikwa katika uwanja wa mwanakijiji aliyelipwa kodi ndogo ya mwezi. Hasira iliyofuata ilisaidia kuzaa Mkataba wa Basel wa 1989, unaosimamia usafirishaji wa taka hatari kutoka nchi hadi nchi. Serikali za Afrika ziliuona hautoshi, kwa kuwa uliruhusu biashara hiyo iendelee kwa masharti. Mwaka 1991 zikatia saini Mkataba wa Bamako, unaopiga marufuku kabisa kuingiza taka hatari barani.

Mwanya ulibaki katika mtumba. Kifaa kinachofanya kazi ni bidhaa, si taka, na Afrika inavihitaji vifaa vya bei nafuu: kompyuta nyingi za shule na friji nyingi za majumbani zimeingia hivyo, na mafundi wetu wanazirefushia maisha kwa ustadi ambao nchi tajiri zimeusahau. Wasafirishaji wasio waaminifu hujificha humo humo. Kontena likifunguliwa, televisheni za mbele zinawaka. Za nyuma zimekufa zamani, na hakuna ofisa wa forodha awezaye kujaribu kila moja. Uingereza ilimfunga mtu jela kwa kosa hili kwa mara ya kwanza mwaka 2014: miezi 16, kwa kupeleka vifaa vibovu katika nchi za Afrika.

Ghana na Uswisi ndizo zilizopendekeza kubana mwanya huo. Marekebisho ya Mkataba wa Basel yalipitishwa 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025. Sasa taka za kielektroniki zote, ziwe hatari au zisiwe, haziruhusiwi kuvuka mpaka hadi nchi inayopokea iarifiwe na kuridhia kwanza. Marekani ilitia saini mkataba huu mwaka 1990 lakini haijauridhia hadi leo, na kwa kawaida nchi wanachama hazitakiwi kufanya biashara ya taka hizo na nchi isiyo mwanachama bila makubaliano maalumu.

Ndani ya nchi, swali kubwa la sheria ni nani alipe. Umoja wa Ulaya, kwa maagizo ya 2002 na 2012, umembebesha mzalishaji gharama za kukusanya na kurejeleza anachouza, na kuziwekea nchi lengo la kukusanya asilimia 65. Chache tu ndizo zimelifikia. California humtoza mnunuzi ada dukani. Japani humtoza mwenye kifaa siku anapokitupa, iwe televisheni, friji, kiyoyozi au mashine ya kufulia. Utaratibu wa Japani una kasoro iliyo wazi: anayetozwa pesa ili atupe hushawishika kutupa kwa siri. Ada inayolipwa wakati wa kununua, au inayobebwa na mzalishaji, ni busara zaidi, hasa katika nchi ambamo mtu mwenye kitu kibovu anatarajia kulipwa na mnunuzi wa vyuma chakavu.

Afrika Mashariki haikosi sheria. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na mwaka 2021 ilitunga kanuni mahususi za taka za vifaa vya umeme na elektroniki. Kenya, kwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 na kanuni zilizoifuata, imewapa wazalishaji na waagizaji wajibu wa bidhaa zao hata baada ya kutumika. Rwanda imekwenda mbali zaidi kwa vitendo: ina kiwanda wilayani Bugesera, ambako vifaa hukarabatiwa au kuvunjwa kitaalamu.

Kinachokosekana ni daraja kati ya kanuni na mtu mwenye mkokoteni. Serikali ya Ghana ilitunga sheria nzuri mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikabomoa soko la skrepa la Agbogbloshie. Uchomaji haukuisha, ulitawanyika mitaani. Kilicholeta matumaini ni kituo kilichoanzishwa kwa msaada wa Ujerumani, kinachonunua nyaya kwa wakusanyaji kabla hazijachomwa. Halmashauri na kaunti zetu ziige hilo: zifungue vituo vya kununulia karibu na masoko ya mafundi, na fedha zitoke kwa waagizaji wa vifaa. Nawe msomaji, simu mbovu iliyolala kabatini futa taarifa zako, kisha ipeleke kwa fundi au mkusanyaji mwenye kibali. Usiiache iishie jalalani.