Garsen si steji ya kukojoa tu: Pa kudishi, kunywa na kutembea kando ya Mto Tana

Kama umewahi kupanda basi la Mombasa kwenda Lamu, Garsen unaijua kwa dakika kumi na tano. Basi linasimama Minjila, makondakta wanapiga kelele, unashuka kunyoosha miguu, unatafuta choo, unanunua maji baridi na mayai mawili ya kuchemsha, halafu unarudi kwa kiti ukiwa umeloa jasho. Ukifika Lamu mtu akikuuliza umepita wapi, unamwambia "porini huko kati."

Sasa wasee, hiyo pori ina mto mrefu kuliko yote Kenya. Ina kima wa aina mbili ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Na ina sahani ya wali na samaki ambayo ukiionja utajiuliza kwa nini miaka hii yote ulikuwa unanunua mayai.

Tuseme ukweli mapema ili usije ukatulaumu. Garsen haina klabu, haina sinema, na pizza usiulize. Pizza imebaki Malindi, kule menyu zinaandikwa Kiitaliano na hata wa boda anakuambia "ciao" kabla hujamwambia unaenda wapi. Kutoka hapo ni zaidi ya kilomita 100. Unavuka daraja la Sabaki, unapita mashamba ya chumvi ya Gongoni, halafu nchi inakuwa tambarare, kavu, miti ya miiba na mbuzi. Unaanza kudhani umepotea. Ghafla mbele kunakuwa kijani. Hiyo kijani ndiyo Tana, na kila kitu utakachokula hapa kinatoka kwake.

Ramani ya haraka

Minjila ndiyo njiapanda. Ukikata kulia unaenda Idsowe, Gamba, Witu na Lamu. Ukinyoosha unaingia Garsen yenyewe, kisha Hola na Garissa. Wengi hudhani Minjila na Garsen ni kitu kimoja, kumbe mji uko mbele kidogo, boda inakufikisha chap. Hii ni Kaunti ya Tana River, namba 4, na makao yake makuu yako Hola, si Garsen. Ukitoka Nairobi unaweza kupitia Garissa na Hola, lakini wengi huzungukia Mombasa na Malindi, na kwa anayefika mara ya kwanza hiyo ndiyo rahisi.

Kudishi

Hapa hoteli nzuri haina bango kubwa. Angalia pale madereva wa malori na wa probox wamekaa. Sufuria ikiwa nje, moshi uko, na kuna foleni ya watu wasioangalia menyu, ingia.

Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, kama pwani yote. Ukichelewa utapata chapati na maharagwe, na bado hujapoteza. Lakini chakula cha Garsen ni cha mchana: wali, samaki wa mtoni, na kachumbari yenye pilipili ambayo haikuulizi kama uko tayari. Samaki ni kambare mara nyingi, au ngege. Kuna mtoto wa Nai atakayekunja uso akisikia kambare, eti anaonja matope. Bro, huyo umekula alikaa kwa friji siku nne. Kambare aliyevuliwa alfajiri, akakaangwa halafu akatiwa kwenye mchuzi wa nazi na ukwaju, ni mnene, ana mafuta, na mifupa yake ni mikubwa, haikusumbui kama ya ngege.

Kuhusu wali, uliza kama ni mchele wa huku. Wapokomo wamelima mpunga kwenye kingo za Tana vizazi na vizazi, kwa kutegemea mafuriko: mto unapanda, unaacha tope lenye rutuba, maji yakishuka watu wanapanda. Serikali nayo ilijaribu kubwa zaidi, mradi wa umwagiliaji wa Tana Delta pale Gamba chini ya TARDA, halafu El Niño ya 1997 ikaja ikauvunja. Kwa hivyo siku hizi gunia unaloliona hotelini linaweza kuwa limetoka Pakistan. Ukipata wa delta utaujua kwa harufu kabla sahani haijafika mezani.

Nyama ni ya mbuzi au ya ng'ombe, na ni ya wafugaji wa Orma na Wardei. Iko pilau, iko ya kuchoma, na kwenye hoteli za watu wa upande wa Garissa unaweza kubahatika nyirinyiri, zile nyama ndogondogo zilizokaangwa zikakauka na kuhifadhiwa kwa mafuta. Nunua ya kubeba, haiozi njiani.

Sasa tulia hapa kidogo, kwa sababu hiyo sahani ina stori. Mchele na ndizi ni vya mkulima Mpokomo. Maziwa na nyama ni vya mfugaji Mworma. Wote wanautaka mto uleule. Kiangazi kikibana, mifugo lazima ifike majini kupitia njia zinazoitwa malka, na mara nyingi kati ya ng'ombe na maji kuna shamba la mtu. Kati ya Agosti 2012 na mapema 2013, wakati siasa za uchaguzi zilikuwa zinachochea, ugomvi huo uliua zaidi ya watu 100. Riketa, Kilelengwani, Kipao: hivyo ni vijiji, na watu wake bado wako na bado wanakumbuka. Ndio maana ule utani wa kabila tunaopigana Nairobi, hapa uache kwa basi. Kaa tu uangalie soko asubuhi: mama wa Kiorma amekuja na maziwa, mama wa Kipokomo amekuja na ndizi, na kabla ya saa nne kila mmoja anarudi nyumbani na kitu cha mwenzake.

Na maembe! Msimu ukifika, kwenye Novemba na Desemba hivi mpaka baada ya mwaka mpya, yanamwagika barabarani kwa ndoo. Ngowe ndiyo ya kutafuta: ndefu, imepinda kidogo, nyama ya rangi ya machungwa, haina nyuzi nyingi. Huku mkulima anaiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu mnunuzi mwenye lori ndiye mwenye sauti. Kwa hivyo tafadhali usimkazie mama wa watu kwa mbao.

Kunywa

Chai ndiyo mfalme. Imechemshwa ndani ya maziwa, iliki imo, tangawizi imo, na sukari imo hata hujaulizwa, kwa hivyo sema mapema kama hutaki. Joto la Garsen litakufanya udhani chai ni wazimu. Kunywa tu, utaelewa kwa nini wazee wanakaa nayo kivulini saa nane mchana.

Maziwa mabichi yanauzwa, ni matamu, lakini yachemshe. Brusela si mchezo. Juisi ya ukwaju iko, madafu utayapata zaidi ukishuka Kipini. Mnazi? Uko vijijini, hasa kwenye jamii za Wapokomo Wakristo wa delta, na unanywewa nyumbani kwa mtu aliyekukaribisha. Mjini Waislamu ni wengi, usitembee na chupa mkononi ukijifanya uko Kilimani. Ramadhani ikifika hoteli nyingi hufungwa mchana. Panga kula jioni na watu wakifuturu, na hapo ndipo utakula hadi ushindwe kusimama.

Kutembea

Anza na mto wenyewe. Nenda daraja la Idsowe jioni jua likipoa. Maji ni ya kahawia, mazito, yanaenda polepole, na kuna mitumbwi ya gogo moja inavuka. Piga picha ya mto, ya watu uliza kwanza. Na usishuke kuosha miguu. Mamba wa Tana hawana habari na TikTok yako, na viboko ndio wabaya zaidi.

Ukisimama pale ujue kitu kimoja. Maji ya mfereji wako Nairobi, mengi yanatoka bwawa la Ndakaini, kwenye mto Thika ambao unaingia Tana. Stima ya kuchaji simu yako, sehemu yake inatoka Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, mabwawa matano kwenye mto huuhuu. Mvua ikizidi na Masinga ikijaa ikamwagika, anayeamkia majini ni huyu wa Garsen. Novemba 2023 maji yalifunika barabara ya Lamu pale Lango la Simba karibu na Gamba, basi zikakwama, na 2024 yakarudia.

Upande wa Ngao kuna ziwa Shakababo, moja ya maziwa yanayolishwa na mto ukifurika. Tafuta mvuvi akuzungushe kwa mtumbwi asubuhi. Kubalianeni bei kabla ya kupanda. Ndege ni wengi kiasi kwamba hata kama hujali ndege utaanza kujali. Delta yote, hekta 163,600, imo kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu muhimu duniani tangu 2012. Ngao yenyewe ni kijiji cha wamishenari Wajerumani waliofika miaka ya 1880, na si mbali na hapo ni Golbanti, ambako mmishenari wa Methodist, John Houghton, na mkewe waliuawa 1886.

Kama una siku moja tu ya ziada, itumie kwa kima. Hifadhi ya Tana River Primate iko kaskazini, kati ya Garsen na Hola, kilomita za mraba 169, ilianzishwa 1976 kwa ajili ya wanyama wawili: mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana. Wote wawili wako hatarini kabisa kutoweka, na nyumba yao ni ukanda mwembamba tu wa msitu wa kando ya mto. Mtu anatoka Ulaya kuja kuwaona. Wewe ulilala kwa basi ukawapita. Wasiliana na KWS kabla ya kwenda, maana njia ya ndani mvua ikinyesha ni tope tupu.

Kipini ndipo Tana inapoishia baharini, na karibu yake kuna magofu ya Ungwana, mji wa Waswahili wa kale ulioachwa, mawe na misikiti ndani ya vichaka. Witu, upande wa Lamu, ulikuwa usultani wa Ahmed Simba chini ya ulinzi wa Wajerumani kati ya 1885 na 1890. Hizo mbili ni za mwenye muda.

Na jambo la bure kabisa: muombe mzee wa Kipokomo akuambie kuhusu Wimbo wa Taifa. Ile tuni unayosimamia Kasarani ukiwa umeweka mkono kifuani ilitoka kwa wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto, ikatengenezwa na kamati ya watu watano mwaka 1963. Wazee wa huku wanaijua na maneno yake ya kwanza. Ukimkuta mwenye mudi nzuri atakuimbia.

Kabla hujabeba begi

Beba kitambulisho, vizuizi vya karao ni vingi, hasa barabara ya Lamu, ambako basi zimewahi kwenda kwa msafara wa polisi. Uliza hali ya usalama na ya barabara siku hiyohiyo, si wiki iliyopita, na usisafiri usiku. Epuka Aprili, Mei na Novemba kama mvua ni kali. Mbu wa Garsen ni wa kikazi: lala kwenye neti na upake dawa kabla jua halijazama. Gesti zipo mjini, za kawaida. Angalia feni inafanya kazi na maji yanatoka kabla ya kulipa.

Kurudi, subiri gari Minjila asubuhi mapema, maana basi za kutoka Lamu zikifika mara nyingi zimeshajaa. Na maembe ya kubeba chagua yaliyo magumu bado. Yaliyoiva yatafika Mombasa yakiwa juisi ndani ya begi lako.